Tundu la Kompyuta na Mifuko ya Wafanya Kazi



Katika ofisi moja ya mizigo, ambayo hatutaitaja jina, tangazo limebandikwa ukutani. Lasema karani ye yote atakayechomeka flashi katika kompyuta ataachishwa kazi mara moja. Chini yake ni sahihi ya Bwana Mkubwa. Lakini mtandao ukikatika, Bwana Mkubwa huyo huyo hutaka hesabu ya mabehewa kabla ya saa nane, naye karani huambiwa, "Tafuta njia." Njia gani, kama si flashi aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe?

Hatusemi ya kwamba hatari haipo. Ipo, tena kubwa. Mwaka 2008 virusi viliingia katika kompyuta za jeshi la Marekani kwa flashi, hata Novemba mwaka ule jeshi likapiga marufuku flashi zote. Mwaka 2010 vikagunduliwa virusi vya Stuxnet, vilivyotengenezwa vipate kusafiri kwa flashi, vikaharibu mashine za kusafishia urani huko Natanz, Iran. Mwaka 2014 mafundi wa Ujerumani walionyesha ya kuwa flashi yaweza kugeuzwa tumbo lake, ikajifanya kibodi, ikaandika amri yenyewe kana kwamba karani ndiye anayeandika. Programu ya kusaka virusi haioni kitu.

Lakini mabwana wasituambie ya kwamba shida ni ujinga wa karani wa darasa la saba. Wataalamu waliangusha flashi 297 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Flashi 135, au zaidi, zilichomekwa na faili zake zikafunguliwa. Hao ni watu wa chuo kikuu! Na wengi waliojibu maswali walisema walitaka kumjua mwenyewe wamrudishie mali yake. Je, huo ni uhalifu?

Dawa yajulikana, wala si kufukuza watu. Kila chombo cha USB kikichomekwa huiambia kompyuta aina yake na nambari za kiwanda kilichokitengeneza, na vingi vina nambari yao wenyewe. Fundi aweza kuiandikia kompyuta orodha: kilichomo kipite, kisichomo kikataliwe. Windows ina amri hizo tangu Vista ya mwaka 2007. Kwa Linux iko programu ya USBGuard, nayo ni ya bure. Kweli, chombo cha hila chaweza kudanganya nambari zake, kwa hiyo orodha peke yake si ngome. Hata hivyo yashinda karatasi ya ukutani.

Sisi watu wa reli twaijua kazi hii. Katika njia moja, treni haikuingia mpaka dereva ashike tokeni mkononi, na hata dereva awe mkongwe namna gani, stesheni masta hakumwachia kwa sura yake. Ndiyo maana twauliza kwa nini fundi wa kampuni ya nje aja na kompyuta yake na flashi zake, achomeka apendapo, na hakuna amwulizaye, hali karani apekuliwa mifuko mlangoni.

Twataka ofisi itoe flashi zake zenye nambari, mtu azitie sahihi katika daftari kama anavyotia sahihi taa ya mkono na bendera. Twataka orodha imfunge Bwana Mkubwa na mgeni wake kama inavyomfunga karani. Twataka soketi ukutani za kuchajia simu, maana simu iliyounganishwa na kompyuta nayo ni mlango. Na mtu aletaye flashi aliyoiokota asiadhibiwe, la sivyo kesho ataificha.

Tangazo lile liondolewe. Jingine likiandikwa, lipite kwanza mezani pa kamati ya Chama.