Simu Isiposhika Suam, Kompyuta Haijui

Umewahi kulipia mahindi pale Suam, simu ikashika mtandao wa Uganda na pesa zikakataa kwenda? Wengi hupanda juu kidogo kutafuta netiweki, kisha hunyamaza.

Kampuni za simu zina programu za kusoma rekodi za simu: nani alimpigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, kupitia mnara upi. Maneno mliyoongea hayamo. Mnara ukilemewa, programu inaona. Lakini simu isiyofika mnara wowote haiachi rekodi; pale inaonekana kama hakuna mteja.

Kwa maoni yangu, kulalamika pia ni data. Muamala ukikwama, angalia salio kwanza, usitume tena. Halafu pigia huduma kwa wateja, utaje mahali na saa. Ukinyamaza, mnara utaenda kwingine.