Rangi Mpya, Foki Mbovu

Shule zikifungwa, wazazi wengi huwanunulia vijana baiskeli za mtumba, nasi hukagua yasiyo na uzito. Cheni iliyolegea, spoku zilizokatika, gololi zilizokwisha: hayo fundi hubadilisha kwa bei ndogo. Cha kuogopa ni foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Pitisha kidole chini ya fremu, karibu na shingo ya usukani. Ukikuta rangi imekunjamana au ina ufa, huenda baiskeli hiyo iligonga kitu. Muuzaji atakwambia, "Imechomelewa, haina neno." Iache, hata kwa nusu bei! Foki iliyochomelewa yaweza kukatika ghafla mtoto akiwa mteremkoni. Na kupaka rangi juu ya ufa bila kumwambia mnunuzi si biashara, ni udanganyifu.