Bibi Yako Hakuishi Pangoni

Desemba iliyopita tulikuwa Muleba kwa mama yangu. Binti yangu wa miaka sita akasimama mbele ya jiko la nyasi nyuma ya nyumba, akauliza: "Bibi, hapa ndipo walipokaa watu wa kale wasiomjua Mungu?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua swali limetoka wapi. Limetoka kwenye kijitabu alichopewa darasa la watoto, Bukoba mjini. Kina picha tatu. Ya kwanza, watu wenye nywele timutimu wamejikunyata pangoni. Ya pili, msonge. Ya tatu, nyumba ya bati, msalaba ukutani, jua linawaka. Chini yake eti Mungu alimtoa mwanadamu gizani akamleta nuruni.

Sina ugomvi na watoto kufundishwa Biblia. Nimelelewa humo humo. Ugomvi wangu ni kwamba kijitabu hiki kinapotosha historia, halafu kinapotosha na Biblia yenyewe.

Tuanze na historia. Pango linatunza mifupa na majivu. Nyasi na miti vinaoza. Ndiyo maana tunakuta mabaki mengi mapangoni, si kwa sababu kila mtu alikaa humo. Na mara moja moja miti nayo hubaki. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania. Yana umri wa angalau miaka 476,000. Kuna mtu alikuwa fundi kabla hata ya binadamu wa aina yetu.

Sasa Biblia. Kitabu cha Mwanzo hakimweki Adamu pangoni, kinamweka bustanini. Anayetajwa kwanza kujenga mji ni Kaini, aliyemuua ndugu yake. Ibrahimu, baba wa imani, alikaa hemani. Lutu ndiye aliyeishia pangoni, na alitoka mjini! Waisraeli nao waliagizwa wakae siku saba kila mwaka kwenye vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue walikotoka. Kwa hiyo ukipima imani kwa paa, Maandiko yenyewe yanakukatalia.

Halafu kuna ule msonge wa picha ya pili, uliowekwa hatua moja tu kutoka pangoni. Jamani! Huo ni ufundi: fito zilizopindwa na kufungwa, nyasi zinazoshuka hadi chini, mlango unaotazama kibanja. Katuruka, si mbali na Bukoba, wahenga waliyeyusha chuma miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo miaka ya 1970 baada ya kusikiliza masimulizi ya wazee. Mwanzo inamtaja Tubal-kaini, mfua chuma. Mwalimu wa Bukoba ana mfano wake mlangoni, lakini anawapa watoto picha ya watu wenye rungu.

Nimeambiwa, "Ni watoto wadogo, lazima turahisishe." Sawa. Ila kurahisisha si kudanganya. Mtoto wa miaka sita anaelewa kabisa ukimwambia: watu walijenga kwa kilichokuwepo, na Mungu alikuwa nao. Wapeni fito, nyasi na majani ya migomba, wajenge kibanda uwanjani mwa kanisa. Watajifunza zaidi ya kupaka rangi mtu wa pangoni.

Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892. Waliobatizwa wakati ule walisali, kisha wakarudi kulala kwenye misonge yao. Hao ndio walioturithisha imani hii. Leo tunawafundisha wajukuu wao kuwaonea aibu, tena kwa jina la Mungu yule yule.

Mama alipomaliza kucheka, alimkalisha mjukuu wake karibu na moto. "Mimi nilizaliwa kwenye msonge, mjukuu wangu," akamwambia. "Na humo humo ndimo nilimofundishwa Baba Yetu."

Binti yangu akafikiri kidogo, kisha akauliza kama wanaweza kujenga mwingine.