Gesi Imeisha? Imeishia Wapi?

Kuna sentensi mbili ambazo kila mwanachuo wa ukanda huu wa Pwani ameshazisikia: "mfumo uko chini" na "AC imeisha gesi". Ya kwanza nawaachia watu wa TEHAMA. Ya pili ndiyo inayoniuma, maana inakula hela za watu kila msimu wa joto, na sisi tuliofaulu fizikia, au angalau tuliopita nayo, tunaitikia kwa kichwa tu.

Nianze na mtungi. Bibi zetu walijua kwamba maji ya mtungini yanapoa bila umeme. Maji yanapenya kidogokidogo kwenye udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto la mtungi. Spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano inafanya hivyohivyo kwenye ngozi. AC nayo ni mtungi. Tofauti ni kwamba mvuke wa mtungi unapotelea hewani, ndiyo maana unaongeza maji. Mvuke wa AC umefungiwa ndani ya mabomba. Kompresa inausukuma hadi kwenye lile boksi la nje, unatua joto lake huko, unageuka kimiminika, unarudi ndani kubeba joto jingine. Unazunguka hivyo miaka na miaka. Hauungui kama petroli ya bodaboda. Kwa hiyo ukiambiwa gesi imeisha, uliza imetokea wapi. Kama kweli imepungua, kuna tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta (hata kwa povu la sabuni kwenye maungio) anakujazia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Nilipokuwa fildi huku Mkange, kwenye barabara ya kuelekea Saadani na Pangani, kulikuwa na chumba cha kompyuta chenye AC moja ya ukutani. Mwalimu anayekisimamia aliniambia fundi kutoka mjini ameitwa mara mbili ndani ya mwaka, na mara zote mbili amejaza gesi. Nauli yake, gesi yake, na ya soda juu. Tulipofungua kifuniko cha mbele, chujio lilikuwa limeshika vumbi mpaka limekuwa kama blanketi. Mwalimu akalichomoa, akaliosha kwa maji na sabuni kidogo, akalianika kivulini. Kesho yake chumba kikapoa. Sisemi hakuna AC zinazovuja, zipo. Ila kuosha chujio ni kazi ya dakika kumi, haina gharama, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mwalimu yule.

Chujio likiziba, hewa haipiti vizuri, yale mabomba ya ndani yanapoa kupita kiasi na barafu inaganda. Watu wakiona barafu wanafurahi, "hii kali!", halafu baada ya saa moja inatoka hewa ya vuguvugu. Zima, iache iyeyuke, osha chujio, washa tena. Ikiganda tena na chujio ni safi, hapo sasa ndipo zungumza habari za gesi. Ikidondosha maji ndani, mara nyingi ni mpira wa kutolea maji umeziba kwa utelezi au wadudu. Na ikipuliza upepo tu, tazama rimoti kwanza: alama ya theluji ndiyo ya kupooza, ile ya feni haipoozi kitu hata ukae mpaka pepa liishe.

Boksi la nje nalo linahitaji kupumua. Mnaoanika jinzi juu yake mnajijua. Karibu na bahari chumvi inatafuna zile bati zake nyembamba, kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na nguvu sana, umeme ukiwa umezimwa. Jioni umeme ukishuka chini sana ya volti 230, kompresa inaunguruma bila kuanza. Zima, usishindane nayo. Kuanzia hapo mwachie fundi. Kapasita inaweza kukurusha hata plagi ikiwa imechomolewa, sitaki lawama.

Na gesi inayovuja haiishii mfukoni. Ile ya R-410A, iliyomo kwenye AC nyingi, inapasha joto dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo jirani tu, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Kujaza gesi kwenye bomba linalovuja ni kuilipia ikatembee angani.

Sisi wa elimu ndio tutakaokabidhiwa funguo za vyumba hivi. Tunafundishwa kuandaa andalio la somo la uvukizaji na kuchora birika linalochemka, huku AC ya chumba cha semina inatudondoshea maji kwenye daftari. Birika lipumzike. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akigusa mtungi, kisha akalifungua chujio mwenyewe, atamuuliza fundi swali ambalo mkuu wa shule hakuliuliza.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi ombi langu ni dogo: karatasi moja pembeni ya kila AC ya ukumbi, yenye tarehe ya mwisho ya kuosha chujio na, kama gesi imejazwa, mahali tundu lilipopatikana. Safu ya pili ikibaki tupu, malipo yasisainiwe.