Filamu Ikifufuka, Istilahi Zisife

Mnamo Desemba 2023, kampuni ndogo ya Harman, Uingereza, ilitoa Phoenix 200, filamu yake ya kwanza ya rangi. Iliweza kwa kuwa haikuwa imeacha kutengeneza filamu za Ilford za nyeusi na nyeupe: ujuzi ulihifadhiwa hata soko liliponywea. Sisi nasi tuna akiba. Kajiado kuna magadi, yanayozalisha kaboneti ya sodiamu, kiungo cha dawa nyingi za kusafishia filamu. Aidha, tunayo istilahi yenyewe, "kusafisha picha", iliyokita mizizi studioni. Wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuwaendea wapiga picha wakongwe wa Kitengela na Kajiado, tuyanakili maneno ya kazi yao. Magadi yatasubiri ziwani, wazee hawatasubiri.