Macho ya Manjano Yasingoje Jua

Katika mitaa ya Kariakoo, mtoto mchanga akiwa na macho ya manjano, mama huambiwa amwoteshe jua la asubuhi. Sisi twasema: hadhari! Manjano ya kawaida, kwa watoto wengi, huondoka kabla ya wiki 2. Yakizidi hapo, choo kikawa cheupe kama chokaa na mkojo ukatia nguo rangi, huenda njia ya nyongo imeziba na ini laharibika kimya kimya. Upasuaji wa kuipatia nyongo njia mpya hufaa zaidi kabla ya siku 60. Mfanyakazi asione ujira wa siku moja kuwa mkubwa kuliko ini la mwanawe. Wala zahanati zetu zisimrudishe mama nyumbani bila mtoto kupimwa damu. Ndugu wananchi, Muhimbili si mbali. Ngojangoja huumiza matumbo.