Kidonda si Kovu: Maelezo ya Tiba Yaandikwe kwa Kiswahili

Wapo wanaodhani kuwa istilahi za tiba ni kazi ya madaktari peke yao. Mimi sikubaliani na rai hiyo, na nitatoa mfano mmoja tu: vibandiko vya silikoni, ambavyo baadhi ya wazazi wa watoto walioungua kwa chai au uji hushauriwa kuvinunua.

Jina hilo moja hubeba vitu viwili. Cha kwanza ni bandeji ya kidonda kibichi. Upande wake wa ndani una silikoni laini inayoshika ngozi kavu bila kugandamana na nyama yenye majimaji. Hivyo ikibanduliwa haing'oi ngozi changa. Cha pili ni kibandiko cha jeli ya silikoni, ambacho hakiwekwi juu ya kidonda. Hiki hungoja ngozi ifunge kabisa, kisha huvaliwa juu ya kovu ili lisiinuke wala kukakamaa.

Matumizi haya ya pili yalianza kuelezwa huko Australia mapema katika miaka ya 1980, kwa wagonjwa walioungua. Yaaminika kuwa kibandiko huzuia ngozi isipoteze maji upesi, na kwamba unyevu huo hupunguza utengenezaji wa kolajeni, yaani nyuzi zinazolijaza kovu. Ndiyo maana huvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa muda wa miezi miwili, mitatu au hata zaidi, huku ngozi ikioshwa kila siku. Wala si muujiza. Shirika la Cochrane, ambalo hupima ushahidi wa tiba, lilipopitia tafiti zilizokuwapo mwaka 2013 liliuona ushahidi huo kuwa dhaifu. Kovu huweza kupungua, halifutiki.

Sasa mfikirie mzazi aliyekabidhiwa karatasi ya Kiingereza asichokimudu. Huenda akakibandika kibandiko cha kovu juu ya kidonda ambacho hakijafunga, au akakiacha baada ya juma moja akidhani ametapeliwa. Fedha zimekwenda, na mtoto hajafaidika.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kidonda, donda ndugu, kigaga, kovu: kila neno lina hali yake, na hata mtoto wa shule ya msingi hachanganyi kidonda na kovu. Basi tuseme "bandeji ya kidonda" na "kibandiko cha kovu", nusu ya maelezo itakuwa imekwisha kutolewa.

Isitoshe, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Habari isiyoeleweka si habari.

Walimu wenzangu, mioto ya mabweni, kama ule wa Kyanguli mwaka 2001 na wa Hillside Endarasha mwaka 2024, imetuonyesha kwamba majeraha ya moto si jambo geni shuleni. Tuwape wanafunzi wetu zoezi la kufasiri maelezo ya dawa kwa Kiswahili sanifu, kisha muuguzi ayakague. Wanaoingiza bidhaa hizi nchini nao walazimishwe kufanya vivyo hivyo. Subira yavuta heri, lakini mgonjwa hawezi kuisubiri tiba ambayo hajaelezwa namna yake.